Ukubwa Haujabadilika

Jumatatu, 2 Machi

Mvua za kwanza zimeanza leo mchana, na kama kawaida paa la ofisi limechagua kuvuja juu ya meza yangu, si ya mtu mwingine. Nimesogeza kompyuta, nimeweka ndoo. Bosi amepita, akaitazama ndoo, akasema, "Kitengo cha mafuriko chenyewe kinafurika," akacheka peke yake. Ni mtu mwema. Vichekesho vyake ndivyo vibaya.

Kazi yetu si ngumu kueleza. Huko juu mto unakotokea kuna ofisi ya maji yenye kipimo kilichosimikwa mtoni. Kila maji yanapopanda au kushuka kwa upana wa kiganja, kipimo kinaandika mstari mpya katika faili lililoko kwenye seva yao. Sisi huku chini tunalisoma faili hilo kwa mtandao. Mto ukifika mita nne, programu yangu inatuma ujumbe kwenye simu za watu wa bondeni: hameni sasa. Maji huchukua karibu nusu siku kushuka kutoka kwao hadi kwetu, na nusu siku inamtosha mtu kubeba watoto, godoro na vyeti vyake.

Dada yangu anakaa bondeni na mumewe na binti yao. Kwa hiyo mimi kazi hii siifanyi kwa ajili ya mshahara tu.

Jumatano, 4 Machi

Ofisi ya juu wamepiga simu kulalamika. Yule bwana wao ana sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Programu yenu inatuelemea, jamani. Kila dakika tano mnavuta faili zima! Seva yetu mzee, mtaiua."

Bosi akaniita. "Mwanangu, tafuta njia. Hawa wakitufungia mlango, tumekwisha."

Waya alikuwa mlangoni akisikiliza, kama desturi yake. Ndiye fundi wetu wa mitambo. Tunamwita hivyo kwa wembamba wake, na kwa sababu siku zote ana kipande cha waya kining'inia shingoni. Anajua habari za kila mtu, kazi yake mwenyewe ndiyo asiyoijua. Nikimwona tu nachoka.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeipata! Mtandao una adabu zake. Unaweza kuiomba seva ikupe faili zima, na unaweza kuiomba ikupe kichwa tu bila mwili. Kichwani mna maelezo machache: faili ni la aina gani, lina tarehe gani, na ukubwa wake ni baiti ngapi. Ni sawa na kupiga hodi kwa jirani na kuuliza mlangoni, "Leo mmepika kingi kiasi gani?" kisha ukaondoka bila kuingia wala kuonja.

Basi tangu leo programu itauliza ukubwa tu. Ukiwa umebadilika, maana yake kipimo kimeandika mstari mpya, itavuta faili na kulisoma. Ukiwa uleule, hakuna jipya, mto umetulia, itaandika kwenye skrini "ukubwa haujabadilika" na kukaa kimya. Tarehe nimeiacha, kwa sababu saa ya seva yao inaamini tuko mwaka mwingine kabisa. Ukubwa hauna saa ya kukosea.

Msimbo wenyewe ni mfupi hata naona haya. Nimeusoma mara tatu kwa raha tu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Ijumaa, 6 Machi

Majaribio kutwa nzima. Huko juu mvua inanyesha, mto unacheza, faili linanenepa, na kila likinenepa programu inalivuta. Yule bwana wa ofisi ya juu amepiga simu kushukuru. Bosi amewaambia wakubwa wa ghorofa ya pili kwamba kitengo chake kina "kichwa". Nimevimba.

Jumapili, 8 Machi

Nimekula mchana kwa dada. Ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa, bado unaonekana mstari wa maji ya mwaka jana. Shemeji ameupaka rangi mara mbili lakini kila rangi ikikauka mstari unatokeza tena, wa kahawia.

Shemeji ni fundi wa friji. Karakana yake iko chini kabisa ya mtaa, hatua chache na mto, na ndani ya nyumba pia mna friji mbili za watu zinazosubiri vipuri. Mimi na yeye hatujawahi kuongea dakika moja bila kutaniana.

"Shemeji, karibu! Mto wako umekwambiaje leo?"

"Umesema ukipanda utaanza na wewe."

"Basi uje na friji yake, niupoze hasira."

Dada hakucheka. Alingoja mumewe atoke na mtoto, akaniambia, "Mdogo wangu, niambie ukweli. Kule mlimani nimepata chumba. Mwenye nyumba amekubali kunishikia mwezi mmoja. Tuhame msimu huu, au tubaki?"

"Yeye anasemaje?"

"Yeye anasema atazibeba mgongoni friji za watu? Akihama wateja hawatamfuata. Lakini akinikuta nimefunga mizigo atakuja, namjua. Nakuuliza wewe."

"Bakini," nikamwambia. "Ujumbe utawafikia nusu siku kabla ya maji."

"Wewe ndiye utakayeutuma?"

"Programu yangu."

"Nimekuuliza wewe."

"Ni kitu kimoja, dada."

Akanitazama kidogo, kisha akaniongeza wali. Kile chumba hajakiacha.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Alhamisi, 12 Machi

Leo ndiyo leo. Saa tatu asubuhi mto huko juu umevuka mita nne, na kabla sijamaliza chai ujumbe ulikuwa umekwenda. Nikampigia dada, naye akasema, "Tumeupata, tunapandisha vitu, usinipigie sasa." Jioni maji yakafika bondeni, yakalamba barabara na kuingia karakana ya shemeji hadi kwenye kifundo cha mguu. Hayakukuta kitu sakafuni. Hakuna mtu aliyepoteza hata ndala.

Shemeji amenipigia akipiga kelele kwa furaha. "Shemeji, nilikuwa nakudharau! Naapa nilikuwa nakudharau!"

"Na mimi nilikuwa nakudharau, bado tu sijaacha."

Amecheka hadi akakohoa. Bosi amenipa mkono mbele ya kila mtu. Hata Waya amesema "safi", ingawa alilisema akiangalia pembeni.

Jumamosi, 14 Machi

Shemeji sasa amegeuka mhubiri. Anazunguka nyumba kwa nyumba na simu yake mkononi, anawaonyesha watu ule ujumbe, anawaandikisha namba zao kwenye huduma. Wale wazee wasiojua kusoma anawawekea mlio maalumu ili wakiusikia tu waondoke. Dada anasema tangu aolewe naye hajamwona akishughulikia jambo hivyo. "Anakusifu mpaka naona wivu," ameniambia.

Nimejilaumu kidogo. Miaka yote nimemwona mtu wa mzaha tu, asiyeshikika.

Jumanne, 17 Machi

Mvua imekatika. Mto uko mita mbili nukta moja.

Alhamisi, 19 Machi

Programu ina tabia ya kulia kila saa ikiwa haijapata jipya. Niliiwekea sauti hiyo mwenyewe kwa tahadhari. Leo imelia kutwa, na Bosi ana kipandauso. "Mwanangu, kama mto umelala si utuache na sisi tupumzike?" Nimeizima sauti. Skrini inatosha.

Ukubwa haujabadilika.

Jumamosi, 21 Machi

Jua kali. Nimefua mashuka, yamekauka kabla ya saa sita. Mita mbili nukta moja.

Jumanne, 24 Machi

Ukubwa haujabadilika. Kila asubuhi watu wa bondeni wanapata ujumbe wetu wa salamu: mto uko kawaida, mita mbili nukta moja. Waya ameniuliza kama mto umepigwa sindano ya usingizi. Nimemwambia ashughulike na nyaya zake.

Ijumaa, 27 Machi

Dada amepiga simu wakati naondoka kazini.

"Mwezi wangu wa kushikiwa chumba unaisha. Mwenye nyumba anataka jibu, kuna watu wengine wanakitaka. Na huko milimani naona kumetanda mawingu, jana na leo."

"Mawingu si maji, dada."

"Nilishafunga mizigo. Nguo za mtoto ziko kwenye mfuko tangu juzi."

Nilikuwa nimechoka, na kwa kweli nilikuwa nimeudhika kidogo. Nikamwambia mto haujapanda hata kiganja kimoja kwa wiki nzima na zaidi, nimeuona kwa macho yangu kwenye skrini. Nikamwambia kuhama kwa kuogopa mawingu ni kumsumbua mume wake bure na kumwachisha mtoto shule. "Fungua hiyo mizigo," nikasema. "Kiachie hicho chumba."

Kwa nyuma nikamsikia shemeji akisema, "Si nilikwambia? Huyo ndiye mwenye mto wake!"

Dada akasema, "Haya. Nimekusikia."

Jumapili, 29 Machi

Sikwenda kwa dada, nilikuwa na mafua. Mita mbili nukta moja.

Jumanne, 31 Machi

Redio imesema huko juu mvua inanyesha tangu juzi bila kukoma. Hapa kwetu hata tone. Nimeangalia skrini: ukubwa haujabadilika. Nikajiambia mvua ya milimani huchelewa kufika mtoni. Nilitaka nilivute faili zima kwa mkono wangu nihakikishe, nikawa nimeshafungua dirisha la kuandika amri, Bosi akaita twende tukate keki ya kumuaga dada wa mapokezi. Keki ilikuwa kavu. Niliporudi nilikuwa nimesahau nilichotaka kufanya.

Ijumaa, 3 Aprili

Juzi na jana sikuandika. Naandika sasa kwa sababu nimeogopa nikichelewa nitaanza kuyakumbuka kwa namna inayonifaa.

Jumatano ilikuwa na jua. Hilo ndilo watu wote wanaloanza nalo wakisimulia, na mimi naanza nalo. Anga lilikuwa jeupe, watu wameanika nguo. Baada ya chakula cha mchana simu ya mezani ikalia. Yule bwana wa ofisi ya juu, na safari hii hakuwa na sauti ya usingizi.

"Nyie vipi? Mbona hatusikii mmetoa tahadhari? Sisi huku tuko mita sita na ushee tangu alfajiri."

Nikasema haiwezekani. Nikasema skrini yangu inasoma mbili nukta moja. Akasema polepole, kama anaongea na mgonjwa, "Dada, mbili nukta moja ni ya wiki mbili zilizopita."

Nikaliomba faili zima, kichwa na mwili. Lilikuja mara moja, dogo tu. Mstari wa mwisho ulikuwa mita sita nukta nne. Nikapandisha macho, mistari yote ikawa mipya, ya jana, ya juzi, ya wiki hii. Nikauliza ukubwa wake. Ukubwa ulikuwa uleule.

Hapo nikaelewa, na natamani ningechelewa kuelewa. Faili lao linabeba mistari mia mbili tu ya mwisho. Msimu ukianza huwa tupu, linajaa taratibu. Likishajaa, kila mstari mpya ukiingia, mmoja wa zamani unatolewa. Na mistari yote ina urefu mmoja, tarakimu kwa tarakimu, sifuri zimejazwa mbele. Unatoka mstari, unaingia mstari unaolingana nao, uzito wa faili haubadiliki hata baiti moja. Nilipolijaribu mwanzoni mwa Machi lilikuwa bado linajaa, na ndiyo maana lilinenepa mbele ya macho yangu. Lilijaa tarehe kumi na saba. Tangu siku hiyo programu yangu imekuwa ikipiga hodi, ikiambiwa ukubwa ni uleule, ikirudi zake. Mto ulikuwa ukipanda ndani ya faili na mimi nilikuwa nikiuliza mlangoni.

Yote hayo niliyaelewa kwa muda wa kushusha pumzi. Nikampigia dada. Alikuwa amempeleka mtoto kliniki huko mlimani, kwa sababu ya kikohozi. Kikohozi hicho nakishukuru kila ninapovuta pumzi. Nikamwambia asishuke kwa hali yoyote. Akauliza, "Na mwenzangu?" Nikasema nampigia sasa hivi.

Alipokea upesi. Nyuma yake nilisikia redio, na kitu cha chuma kikigongwa.

"Shemeji! Mbona unanitafuta saa za kazi, dada yako akijua?"

"Toka hapo. Maji yanakuja, makubwa. Toka sasa hivi, acha kila kitu."

Akacheka. "Leo umenipata, karibu nikimbie na bisibisi mkononi. Jua lote hili?"

"Sitanii. Nakuapia sitanii."

"Ujumbe mbona haujaingia?"

"Ujumbe umeharibika! Programu imeharibika, nimekosea mimi, toka!"

Nadhani alianza kuniamini. Nadhani hivyo kwa sababu redio ilizimwa. Akasema, "Sasa mbona mtaa mzima umekaa, wanangoja ujumbe..." na simu ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Haikupatikana. Mnara wa simu wa bondeni ulikuwa umekwenda na maji.

Nilituma ujumbe kwa mkono, kwa namba zote. Skrini ikaandika kwamba umetumwa. Hakukuwa na mnara wa kuupokea.

Jumamosi, 4 Aprili

Wamempata leo asubuhi. Hakuwa karakanani. Alikuwa juu zaidi, katikati ya mtaa, karibu na nyumba za wale wazee. Wawili wao wanasema aliwatoa kwa kuwavuta mikono. Wa tatu alikuwa mzee kiziwi, na yeye na shemeji wamepatikana pamoja.

Jumla ni watu kumi na mmoja. Sitaandika zaidi leo.

Jumatatu, 6 Aprili

Tumemzika. Mvua imerudi. Mtoto aliniuliza, "Mama mdogo, baba alikuwa anajua kuogelea?" Nikamwambia sijui. Najua vizuri kwamba alikuwa hajui.

Jumatano, 8 Aprili

Kikao ofisini. Walikuja wakubwa wa ghorofa ya pili, na mmoja nisiyemjua aliyevaa koti la mvua jipya kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa hata nimechora faili ubaoni, mistari inavyoingia na kutoka, ili waelewe.

Bosi akatangulia. "Kama mnavyojua, mnara wa simu ulianguka. Kitengo kilituma ujumbe, kumbukumbu za mfumo zinaonyesha ulitumwa. Haukufika kwa sababu ya hitilafu ya mnara. Tunasikitika." Kisha akanigeukia na kuniwekea mkono begani. "Na huyu binti amefiwa na shemeji yake. Naomba asihojiwe."

Wote wakanipa pole. Yule wa koti la mvua alivua kofia. Mimi nikasimama pale nikipokea pole zao, nimeupa mgongo mchoro wangu ubaoni.

Walipoondoka nikamfuata Bosi ofisini kwake. "Ujumbe tuliutuma maji yakiwa yameshafika."

"Mwanangu, nilichosema kuna hata neno moja la uongo?"

"Hapana."

"Basi. Ukisema vingine, watafunga kitengo hiki chote. Mwakani nani atawaambia watu mto umepanda? Nenda nyumbani ukalale."

Alisema kwa upole uleule wa siku zote. Miaka yote nilimpenda kwa upole huo, na leo nikaondoka bila kumuaga.

Waya alikuwa mlangoni, bila shaka alisikia yote. Nikangoja maneno yake. Akanisindikiza hadi kwenye ngazi, akaniambia, "Zile kumbukumbu za wiki mbili, za 'ukubwa haujabadilika'. Zinakaa kwenye mtambo wangu. Nikizifuta leo hakuna atakayejua, na mimi sijaona kitu." Huyu mtu ambaye sijawahi kumpa hata salamu kamili, alikuwa tayari kuhatarisha kazi yake kwa ajili yangu.

Nikamwambia asifute.

"Basi ni wewe unayetaka zibaki," akasema. "Mimi nisingetaka."

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Nimeirekebisha programu. Sasa inavuta faili zima kila mara. Yule bwana wa ofisi ya juu hajalalamika.

Jumapili, 12 Aprili

Dada na mtoto wanalala katika darasa la shule ya mlimani pamoja na wenzao wa bondeni. Madawati yamepangwa ukutani, magodoro sakafuni, ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya. Kwangu amekataa kuja. Anasema majirani zake wako pale.

Nilimkuta akikunja nguo. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Wanasema mnara. Watu wote wanasema mnara. Hebu niambie wewe. Ujumbe haukufika, au haukutumwa?"

"Haukutumwa," nikasema. "Si kwa wakati."

Nikamweleza. Nilidhani nitamweleza kwa maneno mepesi, nikajikuta namweleza kila kitu, kichwa na mwili, mistari mia mbili, sauti niliyoizima, keki. Alisikiliza akiendelea kukunja. Alipomaliza nguo za mtoto akachukua shati la mumewe, lile la kazini, akalikunja pia, akalinyoosha kola.

"Nilikuwa nimefunga mizigo," akasema.

"Najua."

"Ukaniambia nifungue."

"Najua, dada."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Akaliweka lile shati juu ya zile nguo nyingine, akasema, "Hawa watu walibaki bondeni kwa sababu yeye alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wewe utawaambia. Kuna wanaomlaani humu ndani, nawasikia wakidhani nimelala. Wanasema fundi friji ndiye aliyewadanganya. Usiniambie mimi peke yangu."

"Nitafukuzwa kazi."

"Mimi sijui mambo ya kazi yako," akasema. "Nimekwambia ninalolijua."

Jumatano, 15 Aprili

Jana jioni nilikwenda. Mvua ilikuwa kubwa, watu wote wapo ndani, wengine wamejaa hadi barazani. Dada aliwaambia wanyamaze kwamba mdogo wake ana neno. Nikasimama mbele ya ubao. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njiani, yakanipotea yote. Nikasema tu kwamba mimi ndiye niliyeandika ile programu, kwamba kwa wiki mbili ilikuwa inawaambia kipimo cha zamani, kwamba mnara ulianguka lakini ujumbe ulikuwa umeshachelewa. Nikasema fundi hakumdanganya mtu. Aliwaambia alichoambiwa na mimi, na alikufa akirekebisha kosa langu kwa miguu yake.

Nilitegemea kelele. Mama mmoja alilia kwa sauti ya chini, mwanawe akamshika. Mwanamume mmoja aliinuka akatoka nje, akasimama barazani ametupa mgongo. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu.

Ilipopungua kidogo, mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, mmoja wa wale wawili aliowavuta shemeji, akaniuliza, "Na sasa hivi mto uko wapi?"

Nikatoa simu. Nikalivuta faili zima, nikasoma mstari wa mwisho, nikaangalia na saa yake. "Mita tatu nukta mbili," nikasema. "Unashuka."

Watu wakanitazama. Yule mzee akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia, "Una hakika?"

Nikalivuta faili tena. Wiki zote hizi jibu la swali hilo lilikuwa tayari mdomoni; jana nikausoma mstari uleule mara ya pili.

Dada akainuka. Akamfunika mtoto vizuri, akajitupia khanga kichwani, akapita katikati ya magodoro bila kunitazama, akatoka kwenye mvua kwenda kuuangalia mto kwa macho yake.